Chama tawala kati ya bei ya unga na usalama wa nchi: mwongozo wa hatua kwa hatua kwa Kenya

Kifungu cha 238 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinaeleza usalama wa taifa kuwa ni ulinzi dhidi ya vitisho vya ndani na vya nje, na kinapotaja vitu vinavyolindwa kinaanza na mipaka na mamlaka ya nchi, kisha kinataja watu, haki zao, uhuru wao, mali yao, amani, uthabiti na ustawi. Neno hilo la ustawi ndilo ambalo vyama vinavyotawala huliruka. Kikao cha usalama huketi chumba kimoja kikazungumza juu ya bunduki, kikao cha bajeti huketi chumba kingine kikazungumza juu ya shilingi, na ni nadra mtu kutoka chumba kimoja kuulizwa swali katika kile kingine. Barabara inayosindikizwa na polisi hupandisha bei ya sukari, na bei ya sukari inapopanda, mtu aliyekuwa akimnong'oneza chifu habari za wageni wasiojulikana huacha kunong'ona. Mwongozo huu umeandikwa kwa watu wa chama tawala chochote nchini Kenya, kuanzia katibu mkuu hadi mwenyekiti wa tawi la wadi, na unashughulikia mambo hayo mawili katika daftari moja.

Hatua ya kwanza: chama kijue mpaka wa kazi yake

Kabla ya jambo lolote, viongozi wa chama wakisome kifungu cha 239, ambacho kinavikataza vyombo vya usalama kufanya kazi kwa upendeleo wa kisiasa au kuendeleza maslahi ya chama chochote. Maana yake ni kwamba mwenyekiti wa tawi hana ruhusa ya kumpigia simu mkuu wa kituo cha polisi amwambie nani akamatwe, na mbunge hana ruhusa ya kuchagua nani apewe bunduki ya polisi wa akiba kijijini kwake. Kazi halali ya chama ni nne tu: kuandika ahadi kwa uangalifu, kuleta habari kutoka chini bila kuzipaka rangi, kupiga kura bungeni juu ya bajeti na ushuru, na kuwawajibisha mawaziri waliotoka katika safu zake.

Nalitaja hili mwanzoni kwa sababu ya historia ya Nyumba Kumi, mpango wa majirani kujikusanya katika vikundi vidogo na kupashana habari za usalama. Mpango huo ulipozinduliwa Kenya mwaka wa 2013, baada ya shambulio la kigaidi katika jumba la maduka la Westgate, Nairobi, lililoua watu 67, ulikuwa umeazimwa kutoka Tanzania, ambako balozi wa nyumba kumi alikuwa kiungo cha chama kabla hajawa jicho la usalama. Kule ulikua ndani ya chama kimoja chenye mizizi hadi mlangoni mwa mtu. Katika nchi ya vyama vingi, na yenye majirani waliopigania uchaguzi wa 2007 hadi wakachomeana nyumba, mzee wa nyumba kumi akionekana na kofia ya chama hatapata habari yoyote kutoka kwa nusu ya nyumba zake. Kwa hiyo chama kinachotaka Nyumba Kumi ifanye kazi sharti kijiondoe humo kabisa.

Hatua ya pili: pimeni kwa gorogoro

Mwishoni mwa kila mwezi, KNBS, shirika la taifa la takwimu, hutangaza kiwango cha mfumuko wa bei, na viongozi hukimbilia vipaza sauti kikishuka. Kiwango hicho ni cha kweli na kina kazi yake, lakini ni wastani wa nchi nzima, na mfumuko ukishuka haina maana kwamba bei imeshuka, bali kwamba inapanda polepole zaidi. Mwananchi anayesikia "mfumuko umepungua" huku unga ukiwa pale pale hudhani anadanganywa, na hapo chama kimepoteza masikio yake kwa jambo ambalo lingeelezwa kwa sentensi mbili.

Asubuhi moja katika soko la Kongowea, Mombasa, nilisimama kando ya meza ya mama mmoja aliyekuwa akiuza mafuta ya kupikia ya kupima, yale ya shilingi 20. Alikuwa na kikombe cha plastiki ambacho ndani yake kulikuwa na mistari miwili iliyokwaruzwa kwa ncha ya kisu. Mstari wa juu, alinieleza bila kuinua macho, ulikuwa wa zamani, na wa chini ndio alioutumia siku hiyo. Wateja wake walikuwa wakija na shilingi 20 zile zile na kuondoka bila kuuliza, kwa maana nao waliujua ule mstari wa pili. Mtu anayekusanya bei bila kupima angeandika kwamba mafuta hayajapanda, na katika nyumba za Kisauni watoto walikuwa wakila mboga iliyochemshwa.

Chama chenye matawi katika kila wadi kina uwezo wa kupata habari hiyo kila wiki bila gharama kubwa. Kichague mtu mmoja katika kila wadi, na ikiwezekana asiwe mgombea wa chochote, aende soko lile lile kila Jumamosi akaandike bei na kipimo cha vitu kumi: pakti ya unga ya kilo 2, gorogoro (mkebe wa kupimia nafaka) ya mahindi, gorogoro ya maharagwe, kilo ya sukari, mafuta ya kupima, nusu lita ya maziwa, mkate wa gramu 400, mkebe wa makaa, nauli ya kufika mjini na kodi ya chumba kimoja. Kipimo kiandikwe kando ya bei. Daftari hizo zikusanywe makao makuu kila Jumatatu na zisomwe jinsi zilivyo katika mkutano wa viongozi, kabla ya kusomwa ripoti nyingine yoyote. Anayezirekebisha ili kumfurahisha mkubwa aondolewe kazini, kwani ndiye atakayekipeleka chama kwenye uchaguzi kikiwa kimefumba macho.

Hatua ya tatu: kila bei itafutiwe mzizi

Bei zinazoumiza hazina chanzo kimoja, na chama kinachoahidi "kushusha gharama ya maisha" kwa jumla kimeahidi kitu ambacho hakuna waziri anayeweza kukitia saini. Kuna bei zinazokuja na meli, kama za petroli, ngano na mafuta ya kupikia. Kuna bei zinazotegemea mvua, kama za mahindi na mboga. Na kuna bei tunazozitengeneza wenyewe, kwa ushuru, ada na hongo.

Mafuta ya magari yanaonyesha namna vyanzo hivi vinavyochanganyika. EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, hutangaza bei ya juu kabisa inayoruhusiwa tarehe 14 ya kila mwezi. Mwezi wa Oktoba 2023 lita ya petroli Nairobi ilifika shilingi 217.36, na mwaka mmoja baadaye, Oktoba 2024, ilikuwa 180.66. Katikati ya tarehe hizo bei ya dunia ilibadilika, lakini shilingi nayo ilipanda thamani, kutoka takriban 160 kwa dola mwezi wa Januari 2024 hadi karibu 130, baada ya serikali kupata fedha za kuanza kulipa mkopo wa dola bilioni 2 uliokuwa ukiiva Juni mwaka huo. Kwa maneno mengine, uamuzi wa Hazina ya Kitaifa kuhusu deni ulimfikia mwendeshaji wa bodaboda huko Malaba. Lakini kabla ya kipindi hicho na ndani yake mkono mwingine wa serikali ulikuwa ukiongeza: VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya mafuta ilitoka asilimia 8 hadi 16 mwezi wa Julai 2023, na ada ya matengenezo ya barabara ikatoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita mwezi wa Julai 2024.

Chama kisifungie macho dizeli. Petroli ndiyo hulalamikiwa na wenye magari madogo na ndiyo hutangulia kutajwa katika taarifa ya habari, lakini lori la viazi kutoka Nyandarua, trekta la Kitale na kinu cha kusagia mahali pasipo na umeme vyote hunywa dizeli. Mbunge akipewa nafasi ya kutetea kupunguzwa kwa ada ya kitu kimoja tu, atetee hiyo.

Kisha kuna njiani. Kaunti hutoza ada za mazao kwenye vizuizi vyao, na lori linalovuka kaunti kadhaa hulipa zaidi ya mara moja kwa mzigo mmoja. Baada ya vizuizi vya kaunti kuna vizuizi vya polisi, na hapo risiti haipatikani. Chama kitume mtu wake mmoja apande lori la viazi kutoka shambani hadi Mombasa, akae kando ya dereva usiku kucha, aandike kila mahali lori liliposimamishwa, kiasi kilichotoka mfukoni, na kama karatasi ilitolewa. Safari moja ya namna hiyo itafundisha kamati ya sera mambo ambayo makongamano kumi hotelini hayatafundisha, na itaonyesha kwa mara ya kwanza kwamba daftari la bei na daftari la polisi ni kitu kimoja.

Hatua ya nne: ruzuku ianze shambani

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo fedha nyingi hupotea.

Mwezi wa Mei 2017 serikali ilishusha pakti ya unga ya kilo 2 hadi shilingi 90. Mwezi wa Julai 2022 iliishusha tena, mara hii hadi shilingi 100, kutoka zaidi ya 200. Uchaguzi wa kwanza ulikuwa tarehe 8 Agosti 2017, na wa pili tarehe 9 Agosti 2022. Sidhani msomaji anahitaji kuelezwa zaidi. Ninachokumbuka mwaka wa 2022 ni duka moja kubwa ambako rafu ya unga ilikuwa tupu kuanzia juu hadi chini, na juu yake imebandikwa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: "Unga wa 100 umeisha." Mzee mmoja aliyekuwa na kikapu cha mkono aliisoma karatasi ile, akaitazama rafu, akasema, "Haujaisha, haukuja." Wasagaji walikuwa wanadai fedha zao serikalini na hawakuwa na haraka ya kusaga kwa mkopo.

Ruzuku ya dukani ina kasoro tatu. Humsaidia tajiri na maskini kwa kiasi kimoja. Hulipwa baada ya njaa kuingia, wakati mahindi yenyewe ni haba. Na siku inapoondolewa, mwananchi huhisi ameibiwa. Serikali iliyoapishwa tarehe 13 Septemba 2022 ilikuwa na hoja nzito ilipoiondoa ruzuku ya petroli, kwa sababu aliyefaidika zaidi alikuwa mwenye gari kubwa; lakini bei iliruka kutoka shilingi 159.12 hadi 179.30 kwa usiku mmoja, na hapakuwa na mto wowote wa kuangukia. Mto huo upo, unaitwa Inua Jamii, na humpa mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi. Kabla ya kuondoa ruzuku yoyote, chama kihakikishe kwamba malimbikizo ya Inua Jamii yamelipwa na kwamba kiasi hicho kimeongezwa walau kwa miezi ya mpito.

Ruzuku ya mbolea ni wazo bora zaidi. Mfuko wa kilo 50 uliokuwa ukiuzwa kwa zaidi ya shilingi 6,000 ulishushwa hadi 3,500 mwaka wa 2022, kisha hadi 2,500 mwaka wa 2023, na mavuno ya mahindi yakaongezeka, mvua nzuri nayo ikichangia sehemu yake. Lakini mwaka wa 2024 ikagunduliwa kwamba baadhi ya mifuko iliyopitia mpango huo haikuwa mbolea iliyoandikwa juu yake, na mkulima aliyeipanda hana namna ya kurudisha msimu. Chama kikitaka mpango huu udumu, kisimamie mambo yafuatayo kwa ukali ule ule kinaotumia kwenye kura za mchujo.

Kalenda ije kwanza. Katika Trans Nzoia na Uasin Gishu upanzi huanza na mvua za Machi na Aprili. Mbolea inayofika Mei ni ya kupigia picha. Ikiwa meli inapaswa kutia nanga Mombasa Januari ili mifuko iwe ghalani Februari, basi zabuni iwe imefungwa kabla mwaka haujaisha, na wabunge wa chama waulize swali hilo bungeni mwezi wa Oktoba, wakati hakuna mtu anayefikiria mvua.

Umbali ufuate. Mkulima anayelipa pikipiki mara mbili na kulala foleni kwenye ghala la Bodi ya Nafaka na Mazao amekwisha kulipa sehemu ya ruzuku kwa mwenye pikipiki. Mifuko ipelekwe kwenye vyama vya ushirika, ambavyo tayari vinamjua mkulima na ekari zake. Kila shehena ichukuliwe sampuli bandarini na tena ghalani, na matokeo yabandikwe mlangoni mwa ghala kwa Kiswahili.

Halafu kuna unyevu, jambo dogo linalosahauliwa kila mwaka. Mahindi yanayozidi unyevu wa asilimia 13.5 hayawekeki; huota kuvu, na kuvu huleta sumu ya aflatoksini. Mkulima asiye na mahali pa kukaushia humuuzia dalali wiki ile ile ya mavuno kwa bei ya kutupa, na miezi sita baadaye hununua unga kwa bei ya dalali. Mashine za kukaushia katika kila ghala, kwa ada ambayo mkulima mdogo anaimudu, zingeshusha bei ya Juni kuliko tangazo lolote la Juni.

Mwisho ni majirani. Mwezi wa Machi 2021 Kenya ilizuia ghafla mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya hiyo aflatoksini, malori yakakwama mpakani, na baada ya siku chache marufuku ikageuzwa kuwa masharti. Masharti ndiyo yangetangulia. Nchi ambayo mara nyingi haijitoshelezi kwa mahindi haina budi kuwaandikia majirani zake kanuni zisizobadilika: cheti gani kinatakiwa, nani anapima, na kwa muda gani. Vivyo hivyo akiba ya taifa iwe na kanuni iliyochapishwa, kwamba bei ya gunia ikishuka chini ya kiwango fulani serikali inanunua, na ikipita kiwango fulani inatoa. Kanuni ikijulikana, dalali hana siri ya kuuza.

Hatua ya tano: ushuru upimwe kabla haujaandikwa

Mswada wa Fedha wa 2024 ulikusudia kukusanya takriban shilingi bilioni 346 zaidi. Ndani yake kulikuwa na VAT ya asilimia 16 kwa mkate na ushuru wa asilimia 2.5 kwa magari. Tarehe 18 Juni vipengele hivyo viliondolewa, lakini vijana waliokwisha kuusoma mswada simuni mwao, ukurasa kwa ukurasa, hawakurudi nyumbani. Tarehe 25 Juni Bunge liliupitisha, waandamanaji wakaingia majengo ya Bunge, watu wakapigwa risasi, na siku iliyofuata Rais akatangaza kwamba hatautia saini. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilirekodi vifo zaidi ya 50 katika maandamano ya miezi hiyo. Hilo lilikuwa jambo la bajeti lililogeuka kuwa jambo la usalama katika muda wa wiki moja.

Sheria inaitaka Hazina iwasilishe taarifa ya sera ya bajeti kufikia tarehe 15 Februari na makadirio kufikia tarehe 30 Aprili. Chama tawala kina wingi bungeni, kwa hiyo hakina udhuru wa kushangazwa na mswada mwezi wa Mei. Mapendekezo ya ushuru yaletwe kwa kikao cha wabunge wa chama Januari, na kila pendekezo lije na jibu la maswali matatu: ni kitu gani katika vile vitu kumi vya daftari za Jumamosi kitakachopanda, kwa shilingi ngapi, na serikali yenyewe imeacha kununua nini kabla ya kuomba. Swali la tatu ndilo gumu. Mwananchi wa Kenya huvumilia ushuru kuliko tunavyodhani. Asichovumilia ni kuona magari mapya ya waziri yakimpita kwenye foleni ya matatu.

Ushirikishwaji wa umma nao uache kuwa hesabu ya mahudhurio. Baada ya vikao, kamati ichapishe jedwali lenye safu mbili: watu walisema nini, na kipengele gani kilibadilishwa kwa sababu hiyo. Safu ya pili ikiwa tupu, chama kijue kwamba mjadala utaendelea barabarani.

Hatua ya sita: vitisho vitenganishwe

Kosa la pili kwa ukubwa, baada ya lile la kusahau ustawi, ni kutumia dawa moja kwa magonjwa yote. Kitisho cha Al-Shabaab katika msitu wa Boni na mpaka wa Somalia si sawa na wizi wa mifugo wa Bonde la Ufa kaskazini, na yote mawili hayafanani na wizi wa simu Nairobi. Maandamano ya amani si kitisho hata kidogo, bali ni haki iliyomo katika kifungu cha 37. Kitisho ni mporaji anayejificha ndani yake, na kumshika huyo ni kazi ya upelelezi. Kupeleka jeshi mjini kuwakabili watu wanaolalamikia bei, kama ilivyoamriwa Juni 2024, ni kumpunguzia adui wa mpakani kazi.

Kwa upande wa mashambulio makubwa, funzo la Garissa bado halijazeeka. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika chuo kikuu cha huko, na kikosi maalumu kilichukua saa nyingi kufika kutoka Nairobi. Chama kiulize kila mwaka, katika kamati husika ya Bunge: kikosi cha kukabiliana na tukio kama lile kiko umbali gani kutoka Garissa, Mandera, Wajir na Lamu, na ndege yake ni ya kazi hiyo au hubeba pia wakubwa?

Kaskazini mwa Bonde la Ufa, operesheni nyingi zimekuja na kuondoka. Mwezi wa Novemba 2012 zaidi ya polisi 40 waliuawa katika bonde la Suguta, karibu na Baragoi, walipokuwa wakifuatilia mifugo iliyoibwa. Mwaka wa 2019 polisi wa akiba walipokonywa bunduki, na kuanzia Februari 2023 jeshi likapelekwa kusaidia polisi na akiba wakaanza kurudishwa. Kinachokosekana katika mzunguko huu ni soko. Ng'ombe aliyeibwa Baringo hana faida mpaka auzwe, na husafirishwa kwa lori, kwa barabara zenye vizuizi vile vile vilivyomtoza mwenye viazi. Alama za mifugo, cheti cha mauzo kwenye mnada, na ukaguzi wa malori ya ng'ombe usiku vingemnyima mwizi mnunuzi. Hayo yote ni mambo ya biashara, na waziri anayehusika huenda asiwe wa usalama.

Hatua ya saba: kila hatua ya usalama iandikiwe gharama yake

Lamu inafundisha jambo hili vizuri kuliko kaunti nyingine yoyote. Baada ya utekaji nyara wa 2011 uvuvi wa usiku ulipigwa marufuku kwa miaka kadhaa, na mvuvi wa kaunti ile, ambaye samaki wake wengi hupatikana usiku, akawa analipia vita asivyovianzisha. Baada ya mashambulio ya Mpeketoni mwaka wa 2014 magari yakaanza kusindikizwa kwenye barabara ya Garsen, Witu hadi Mokowe. Abiria walikuwa wakisubiri Minjila mpaka magari yatimie na gari la polisi litangulie, na anayekosa msafara alikuwa analala. Mwenye duka wa kisiwani alikuwa akihesabu siku ya kusubiri kama gharama, naye alikuwa na haki. Embe la Mpeketoni lilikuwa likiiva ndani ya gunia.

Sisemi kwamba hatua hizo hazikuhitajika zilipoanza. Nasema zilianza bila tarehe ya mwisho na bila mtu wa kuhesabu. Kwa hiyo chama kidai kwamba kila amri ya kutotoka nje, kila marufuku ya uvuvi na kila msafara wa lazima uje na karatasi ya ukurasa mmoja inayosema: amri hii itapitiwa tarehe gani, nani anaumia, ameumia kiasi gani kwa mujibu wa daftari za soko, na atalipwa nini wakati ikiendelea. Mvuvi aliyefidiwa boti iliyolala huwa na sababu ya kuripoti boti ngeni.

Na taarifa ndizo silaha ya kwanza. Chifu na mzee wa kijiji ndio hupata habari za kwanza, lakini mzee wa kijiji kwa miaka mingi amefanya kazi bila mshahara, akitarajiwa kuhatarisha maisha yake kwa heshima tupu. Posho yake iwemo katika bajeti kabla ya kununuliwa gari jingine la kivita. Kuhusu polisi, jopo kazi la aliyekuwa Jaji Mkuu David Maraga lilipendekeza mwaka wa 2023 waongezewe mishahara, na utekelezaji ukaanza kwa awamu. Awamu hizo zisikatwe. Askari anayelala katika nyumba ya mabati na kununua unga kwa bei ile ile atautafuta upungufu wake kwenye kizuizi, na tumekwisha kuona nani hulipa.

Hatua ya nane: waanze na wao

Hatua hii ni fupi kuandika na ngumu kutenda. Katika kila serikali ambayo nimeishi chini yake, vibali vya kuagiza sukari, mchele au mahindi bila ushuru vimeandamwa na maswali juu ya wanaoviomba na wanaowajua. Chama kiwatake wabunge wake, magavana wake na wafadhili wake waandike, kabla ya msimu wa uagizaji, kama wana hisa katika kampuni yoyote inayoagiza chakula, mbolea au mafuta, au inayoviuzia vifaa vikosi vya usalama. Mwenye hisa asikae katika kamati inayogusa bidhaa hiyo, wala asipige kura juu yake. Orodha ya waliopewa vibali, na tani walizopewa, itangazwe siku ile ile vibali vinapotolewa. Anayeficha afukuzwe chamani hata kama ana wadi zote za kaunti yake, na uamuzi huo ufanywe mapema, katika mwaka wa pili wa utawala, wakati chama bado hakihitaji fedha zake za kampeni.